Wimbo wa "Simama" na mwalimu aliyeukana mara tatu

Ni saa kumi na mbili kasoro dakika nane asubuhi na mashine namba nne bado haijawashwa. Zabroni Minani anavua glovu ya mkono wa kulia, anaviringisha vizibo viwili vya sifongo kati ya vidole, anavisukuma masikioni, kisha anaivaa tena glovu yake. Honi inalia. Mkanda unaanza kutembea na maboksi ya kwanza ya siku yanamjia, bapa, bado yana joto la gundi.

Kazi yake katika kiwanda hiki cha Tonawanda, kaskazini mwa jiji la Buffalo, ni kuyapokea maboksi hayo, kuyahesabu ishirini na tano ishirini na tano, kuyafunga kwa utepe wa plastiki na kuyapanga juu ya paleti ya mbao. Kwa zamu moja hufunga mafungu kati ya mia saba na mia nane. Hulipwa dola 12 na senti 40 kwa saa. Ana umri wa miaka 44.

Mkanda ukishashika kasi, midomo yake inaanza kucheza. Anaimba. Mtu aliyesimama umbali wa hatua mbili hawezi kusikia neno, kwa sababu mashine nne zinapiga kwa pamoja na kila mfanyakazi ameziba masikio.

"Ndiyo maana naimba hapa," anasema wakati wa mapumziko ya dakika kumi na tano. "Mahali pa mwisho niliposikika, mambo yaliharibika."

Mahali hapo ni ukumbi wa michezo wa Chuo cha Tolliver, chuo binafsi chenye wanafunzi wapatao 1,900 katika jiji la Louisville, Kentucky. Kila timu ya chuo hicho inapoingia uwanjani, bendi ya matarumbeta hupiga wimbo uitwao "Simama", na watu wote ukumbini husimama. Zabroni anasema wimbo huo aliutunga yeye. Chuo kinasema mtunzi hajulikani.

Katika chumba cha mapumziko, Ndahiro, mwenzake anayetoka milima ya Kivu ya Kusini, na ambaye kila alfajiri humpitia kwa gari nyumbani kwake katika mtaa wa Riverside, anatoa simu na kuweka video. Wanafunzi waliopaka nyuso rangi ya njano na bluu wanaruka. Neno moja linasikika wazi kuliko mengine, nalo si la Kiingereza.

"Papa Irakoze, wimbo yako iko inatembea kule Louisville, na weye uko hapa unafunga makartoni," anasema Ndahiro, akimwita kwa jina la binti yake. "Donc, bazungu bote banasimama sababu ya weye. Halafu ukifika pale kwa mlango, batakuuliza tiketi."

"Tiketi ninazo," anajibu Zabroni. "Walinitumia mbili."

Wafanyakazi wengine wawili wanacheka. Yeye hacheki, lakini hakasiriki pia. Anamalizia chai yake na kuviringisha tena vizibo vya masikio.

Karibu kila chuo cha Marekani kina wimbo wa kuichochea timu. Hupigwa timu inapoingia, inapofunga na inaposhinda. Nyingi kati ya nyimbo hizo zina umri wa miaka themanini au mia moja, na watunzi wake wana picha ukutani. Wimbo wa zamani wa Tolliver haukuwa na bahati hiyo. Katika kura ya maoni ya mwaka 2009, mwanafunzi mmoja tu kati ya kumi aliweza kuutaja kwa jina. Chuo kikaanza kutafuta mwingine.

Wakati huo Zabroni alikuwa mfanya usafi katika chuo hicho kwa dola 8 na senti 50 kwa saa. Alikuwa amefika Louisville Mei 2007 pamoja na mkewe Joselyne na binti yao Irakoze, aliyekuwa na umri wa miaka minane. Kabla ya hapo alikuwa mkimbizi kwa karibu maisha yake yote. Mama yake alimtoa Burundi mwaka 1972 akiwa mgongoni. Alikulia Uvira, akavuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, na kuishi miaka kumi na moja katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu.

Huko Mtabila alikuwa Mwalimu. Hakuwa wa shule. Alikuwa mwalimu wa kwaya, cheo ambacho kambini kilimpa mtu heshima kuliko cheti. Aliijua sol-fa, ile namna ya kuandika sauti kwa herufi badala ya vichwa vya nota, na aliiongoza Kwaya ya Asubuhi, yenye waimbaji 34, kwa miaka tisa.

Wimbo wenyewe haukuanzia kanisani. Agosti 2003 Joselyne alilala wiki tatu na homa ya matumbo, na kazi ya kuchota maji ikawa ya Zabroni. Bomba la eneo lao lilifunguliwa kwa muda wa saa mbili tu kila siku. Asiyefika kabla ya kufungwa alilala bila maji. Irakoze, aliyekuwa na miaka minne, hakuweza kuachwa nyumbani pamoja na mgonjwa, na hakuweza pia kutembea mwendo wa mtu mzima. Alikuwa akifika katikati ya njia anakaa chini.

"Mkono mmoja una ndoo, mwingine una dumu," anasema Zabroni. "Sina mkono wa kumbeba. Nikimpiga atalia na atazidi kukaa. Kwa hiyo nikaimba."

Aliimba hivi:

*Simama, Irakoze, jua linatuacha,*
*maji hayatusubiri, ndoo ni tupu.*
*Simama, mguu mmoja, halafu wa pili,*
*nyumbani mama ana kiu.*

Sauti ya kwanza ya wimbo iko chini. Inajaribu kupanda, inarudi. Inajaribu tena, inarudi. Mara ya tatu inapanda na kubaki juu. Mtoto alikuwa na kawaida ya kuinuka katika ile mara ya tatu. Miaka saba baadaye, maelfu ya watu wasiojua habari za bomba hilo walianza kuinuka mahali palepale.

Joselyne alipopona, Zabroni aliupeleka wimbo kwa kwaya. Alibadilisha maneno. Jina la mtoto likawa "ndugu yangu", maji yakawa safari, ndoo ikawa taa. Tarehe 14 Septemba 2003 aliuandika katika daftari la kwaya kama wimbo namba 29. Hakuandika mtunzi.

Hakukuwa na kosa katika hilo. Ilikuwa kanuni, na aliyeisimamia kanuni hiyo alikuwa yeye.

Katika Kwaya ya Asubuhi hakuna aliyeruhusiwa kusema "wimbo wangu". Wimbo mpya ulipoletwa, mwalimu alisimama mbele ya kanisa na kusema, "Bwana ametupa wimbo." Kama mtu angeuliza amepewa nani, jibu lilikuwa ni kwaya. Kujitaja kulihesabiwa kiburi, na kiburi kilikuwa na adhabu: miezi mitatu nje ya kwaya, kwenye benchi la nyuma, bila kufungua mdomo.

"Mtu akijitaja leo, kesho atataka aimbe peke yake, keshokutwa atataka alipwe," anasema Zabroni akieleza alivyofikiri siku hizo. "Niliona kwaya mbili za kambini zikivunjika hivyo. Yangu haikuvunjika."

Kwa miaka tisa aliwatenga watu kumi na mmoja.

Oktoba 2010, Profesa Alan Pruett, kiongozi wa bendi ya Tolliver, aliingia ukumbini asubuhi kuchukua vifaa na kumkuta mfanya usafi akisukuma mashine ya kung'arishia sakafu huku akiimba. Alimwomba azime mashine na aimbe tena, akaiweka simu yake juu ya kiti na kurekodi.

Sauti hiyo ipo hadi leo. Pruett, ambaye sasa ana miaka 61, hakusita kuicheza alipoombwa. Ina urefu wa dakika mbili na sekunde kumi na moja. Zabroni anaimba beti mbili kwa maneno ya kwaya. Kisha Pruett anauliza kwa Kiingereza kama wimbo ni wake. Zabroni anajibu kwa Kiingereza chake cha mwaka 2010, cha maneno machache: "Hapana." Pruett anauliza nani kautunga. "Mungu. Kwaya." Pruett anauliza tena, polepole, akitenganisha maneno: wewe, wewe mwenyewe, hukuutunga?

"Si mimi," inasikika sauti ya Zabroni. "Hapana, bwana. Si mimi."

"Nilimuuliza mara tatu," anasema Pruett kwa simu kutoka Louisville. "Mara tatu alikana. Sijui mtu mwingine angefanya nini. Niliandika nilichoambiwa."

Alichoandika juu ya karatasi za bendi ni hiki: *Wimbo wa jadi, Afrika ya Mashariki. Mpangaji: A. Pruett.* Aliondoa maneno yote isipokuwa neno "simama", linalorudiwa mara tatu, na kuweka maneno ya Kiingereza kuhusu rangi za chuo na ushindi. Bendi iliupiga kwa mara ya kwanza Januari 2011, katika mchezo wa mpira wa kikapu.

Zabroni alikuwapo, amesimama karibu na mlango na fagio la maji, kwa sababu jasho likidondoka sakafuni lazima lifutwe mara moja.

"Sitasema uongo, nilifurahi," anasema. "Niliporudi nyumbani nilimwambia Mama Irakoze, leo wazungu elfu mbili wamesimama. Nilidhani kila mtu mle ndani anajua ni mimi. Profesa alikuwa ananijua, alikuwa ananisalimia. Sikufikiri kwamba kuna karatasi."

Joselyne, anayefanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, anaikumbuka siku hiyo kwa namna nyingine. "Nilimuuliza, walikuita mbele? Akasema hapana, nilikuwa na fagio."

Mwaka 2012 chuo kiliikabidhi kazi ya usafi kwa kampuni ya nje na wafanyakazi 26 wakaachishwa, Zabroni akiwamo. Alihamia Columbus, Ohio, walikokuwa wanakwaya watano wa zamani, akafanya kazi miaka miwili katika ghala la viatu. Mwaka 2014 ghala lilipopunguza watu alimfuata shemeji yake Buffalo. Nyumba yao ya Riverside iko mita mia nne kutoka Mto Niagara. Wanaishi ghorofa ya juu, na madirisha mawili bado yamezibwa kwa plastiki ya msimu wa baridi ingawa ni Aprili.

Septemba 2015 Irakoze, ambaye sasa ana miaka 17, alikuwa akisoma kurasa za vyuo mtandaoni. Tolliver kilikuwa kikiadhimisha miaka tisini na kilikuwa kimetoa kijitabu cha historia. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya kibao cha shaba kilichowekwa kwenye mlango wa ukumbi wa michezo. Irakoze alimsomea baba yake maneno ya kibao hicho na kumfasiria. *"Simama". Wimbo wa jadi wa Kiafrika. Mtunzi hajulikani.*

"Aliniambia nirudie," anasema Irakoze, kwa Kiingereza, lugha anayowajibia wazazi wake. "Nikarudia. Akauliza, hajulikani na nani?"

Irakoze aliandika barua chuoni. Majibu yalikuja baada ya wiki tano, yenye adabu na yenye masharti. Chuo kingelibadilisha jina kwenye kibao na kwenye hati ya wimbo iwapo Bwana Minani angeleta maandishi ya wakati ule pamoja na ushahidi wa waimbaji wawili wa kwaya hiyo wasio wa familia yake. Muda wa mwisho ni Julai 1, 2016. Baada ya siku hiyo wimbo utasajiliwa kama ulivyo, kwa jina la mpangaji peke yake.

Zabroni anataja mambo anayoyataka kwa vidole viwili: jina lake kwenye kibao, na mwaka 2003. Hakuomba pesa. Duka la chuo huuza fulana yenye neno SIMAMA kwa dola 24, na Ndahiro humkumbusha jambo hilo kila wiki. Yeye husema fulana si zake, kitambaa ni chao. Katika mazungumzo ya siku tatu hakutumia neno "wizi" hata mara moja.

Maandishi yalikuwapo. Daftari la kwaya, kurasa 96, jalada la kijani, lilikuwa Columbus kwa Caritas, aliyekuwa katibu wa kwaya na aliyelibeba kutoka Mtabila ndani ya mfuko wa unga. Lina nyimbo 64, kila moja na tarehe na namba yake. Mwandiko ni wa Zabroni mwanzo hadi mwisho.

Na hapo ndipo tatizo la kwanza lilipoonekana. Chuo kilipopelekewa picha za kurasa hizo kiliuliza swali la haki: kama mwandiko ni mmoja kwa nyimbo zote 64, je, Bwana Minani ametunga zote? Hapana, alijibu. Ametunga kumi na nane. Na zipi ni zake, daftari linasema? Halisemi. Kwa hiyo, kiliandika chuo, daftari linathibitisha kwamba alinakili wimbo huo, si kwamba aliutunga.

"Daftari nililitunza vizuri sana," anasema Zabroni. "Hakuna kosa hata moja ndani yake. Ndilo linalonishitaki."

Wakabaki mashahidi. Kati ya waimbaji 34, wengi walirudi Burundi kambi ilipofungwa mwishoni mwa 2012 na hawapatikani. Watatu wamekufa. Kati ya watano wa Columbus, wawili waliingia kwaya baada ya 2003, na mmoja alikuwa mtoto. Waliobaki ni Caritas na Sylveri Muhoza, msimamizi wa zamu katika ghala la dawa, mwenye miaka 30.

Caritas hakuwa na shaka. "Niliusikia bombani kabla sijausikia kanisani," anasema. "Nilikuwa kwenye foleni. Huyu mwanamume alikuwa anamwimbia mtoto wake kama mwehu, watu wanamcheka. Niliandika hivyo, nikasaini."

Januari mwaka huu Zabroni alipanda basi kwenda Columbus. Walikutana nyumbani kwa Caritas Jumamosi saa tano asubuhi. Sylveri alikuja kwa wakati, amevaa sare ya kazi. Alimsalimu kwa mikono miwili na kumwita Mwalimu. Aliuliza habari za Irakoze. Walikunywa chai.

"Mwalimu alinieleza habari yote, ya kibao, ya profesa," anasema Sylveri. "Alisema, mwanangu, andika unachokijua. Nikamuuliza, Mwalimu, unataka niandike ukweli wa kwaya? Akasema, ndiyo, ukweli tu. Nikachukua karatasi."

Aliandika kwa Kiingereza, mistari mitano, akaikunja karatasi na kuitia kwenye bahasha. Zabroni alimshukuru. Walisali pamoja. Caritas anasema hakuna mtu aliyeomba kuisoma barua hiyo, kwa sababu isingekuwa adabu.

Jibu la chuo lilifika Februari 22 na nakala ya barua hiyo ndani yake. Irakoze alimfasiria baba yake, amesimama jikoni:

*Wimbo wa "Simama" ulikuwa wa kwaya. Katika kwaya yetu hapakuwa na mtunzi. Hivyo ndivyo mwalimu wetu, Bwana Zabroni Minani, alivyotufundisha, na aliyesema vinginevyo aliadhibiwa. Mimi ni shahidi, kwa kuwa niliadhibiwa. Sina zaidi.*

Chuo kilisema kwamba, kwa kuwa mashahidi wanapingana, kibao kitabaki kilivyo. Kiliongeza kwamba kinathamini mchango wa jamii za wakimbizi, na kuambatanisha tiketi mbili za mchezo wa Februari 27. Siku hiyo Zabroni alikuwa kazini.

Alikuwa amepiga simu Columbus jioni ileile ya Februari 22. Mazungumzo yalikuwa mafupi, na wote wawili wanayasimulia kwa maneno yanayofanana.

"Sylveri, nilikukosea nini?"

"Mwalimu, kweli hukumbuki?"

"Sikumbuki."

"Namba arobaini na saba."

Mwaka 2005, akiwa na miaka 19, Sylveri alitunga wimbo uitwao "Bado Nabisha". Kwaya iliuimba katika harusi, na wageni waliotoka kambi nyingine wakauliza ni wa nani. Sylveri akasema ni wake. Habari zikamfikia mwalimu kabla sherehe haijaisha. Jumanne iliyofuata aliitwa mbele ya kamati na kupewa miezi mitatu.

"Miezi mitatu nilikaa benchi la nyuma nikisikiliza wimbo wangu ukiimbwa," anasema Sylveri. Anaongea taratibu, kama anayesoma orodha ya mizigo. "Waliuimba Jumapili tisa, nilihesabu. Mwalimu alikuwa anaongoza, mgongo wake uko kwetu. Nilikatazwa hata kufuatisha kwa midomo. Baba yangu alikufa katika miezi hiyo. Wakaja kuimba msibani, wakaimba huohuo. Nilikaa kimya mbele ya jeneza la baba yangu."

Je, barua yake ni kisasi?

"Onyesha neno la uongo ndani yake," anajibu. "Hata moja. Aliniambia niandike ukweli wa kwaya. Ukweli wa kwaya aliutengeneza yeye."

Anajua nani alitunga "Simama"?

"Kila mtu Mtabila anajua. Na kila mtu anajua nani alitunga namba arobaini na saba. Kujua siyo shida."

Zabroni hapingi chochote katika maelezo hayo. Jambo linalomuuma, anasema, si barua. "Niliwatenga kumi na mmoja. Nilikuwa nawakumbuka kwa idadi, siyo kwa majina. Nimekaa na huyu kijana mezani, nimekunywa naye chai, nimemwambia mwanangu, na sikukumbuka. Msiba wa baba yake mimi ndiye niliyechagua nyimbo."

Hatafuti utetezi, lakini mkewe anamtafutia. Joselyne anasema kanuni ilikuwa ya makanisa yote, siyo ya mumewe. Kwamba alikuwa na miaka 33, ana watu 34 wa kuwashikanisha katika kambi ambayo watu walipigana kwa ajili ya foleni ya mahindi. Zabroni anamwacha amalize.

"Mama Irakoze, makanisa yote hayakumtenga Sylveri," anasema. "Nilimtenga mimi."

Sasa ana mpango. Wikendi ya mwisho ya Mei ni ya siku tatu, kiwanda kitafungwa, na Ndahiro amekubali kumpeleka Columbus kwa gari, mwendo wa saa tano na nusu. Amempigia simu mchungaji wa kanisa wanakosali wanakwaya wale na kuomba dakika tano Jumapili, kabla ya matangazo. Mchungaji alimuuliza anataka kuimba wimbo gani. Akasema haimbi.

Atasimama na daftari la kijani, ambalo Caritas alimkabidhi Januari. Atawaambia kwamba wimbo namba 47, "Bado Nabisha", ulitungwa na Sylveri Muhoza mwaka 2005, kwamba aliyeficha jina hilo ni yeye, na kwamba adhabu haikuwa ya haki. Kisha ataliandika jina juu ya wimbo, kwa kalamu ya wino, mbele yao. Nyimbo nyingine 45 zisizo zake atazifuata moja moja, kwa simu, kwa kadiri watu watakavyopatikana.

Atamwomba Sylveri abadilishe barua?

"Hapana. Nikiandika jina lake ili naye aandike langu, nitakuwa nimemnunua."

Joselyne anaweka sahani mezani kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika. "Kwa hiyo yeye utampa wake, halafu sisi tubaki hatujulikani," anasema. "Julai mosi siyo mbali, Baba Irakoze. Huyo Irakoze, wimbo ni wake. Maji alienda kuchota yeye."

Irakoze hainui macho kutoka kwenye simu. Ameshaomba nafasi katika vyuo vinne. Tolliver si kimojawapo. Ameshatazama video za ukumbi ule, anasema, na mara zote hujikuta akisubiri ile sauti ya tatu. "Miguu inataka kusimama," anasema. "Naichukia."

Alipoulizwa kwa simu kama atakuwapo kanisani Jumapili hiyo, Sylveri alisema yupo zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi ana nafasi. "Aje. Nitakaa benchi la nyuma, nimelizoea." Kuhusu barua ya chuo hakutaka kuahidi kitu. Alisema tu kwamba kalamu anayo.

Zabroni analitoa daftari kwenye mfuko wake na kulifungua juu ya meza, mbali na sahani. Kwenye ukurasa wa namba 47 amekwisha chora mstari mwembamba kwa rula, mahali jina litakapokaa. Anarudisha kurasa hadi namba 29. Hapo pia amechora mstari, wa urefu uleule, nao ni mtupu.

Huo hataujaza yeye, anasema, hata kama Julai itapita.

"Mimi niliulizwa mara tatu, nikakataa. Sasa aulizwe mwingine."